Lengo la Mwezi wa Pili

Kiharusi kilimkuta Reino Salmela ndani ya lori la kampuni, injini inanguruma, akisubiri kupakiwa magogo katika msitu wa kaskazini ya Thunder Bay, nchini Kanada. Mwendesha mtambo wa kupakia alimpigia honi mara tatu, na alipoona hajibiwi akashuka kwenda kumtukana. Alimkuta ameuegemea mlango, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia bado umekamata usukani kama mtu aliye safarini. Reino alikuwa na miaka hamsini na saba. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na siku hiyo asubuhi alikuwa amemwambia mkewe, Noreen, kwamba mwaka huu ndio wa mwisho wa magogo. Kila mwaka alikuwa akisema hivyo.

Wiki tatu baadaye walimhamishia hospitali ya mazoezi ya viungo, katika chumba cha vitanda viwili. Kitanda cha pili kilikuwa na mwenyewe tayari: Ambrose Nodin, mzee wa Kiojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile, mwenye miaka sabini na moja, mtegaji wa wanyama kutoka kaskazini ya mbali. Kisukari kilikuwa kimemla mguu wa kulia mpaka juu ya goti, na figo nazo zilikuwa zimegoma. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipelekwa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akarudishwa amechoka kiasi kwamba hata kunywa chai ilikuwa kazi.

Siku ya kwanza hawakusemezana. Siku ya pili Reino alijaribu kutoka na kiti chake cha magurudumu. Akaugonga mlango. Akarudi nyuma, akaugonga tena palepale, mara nne, kila mara upande wa kushoto.

"Wewe," Ambrose akaita kutoka kitandani. "Nasikia ulikuwa dereva?"

"Miaka thelathini na moja."

"Masikini. Yaani waliokuwa barabarani wote hao walipona vipi?"

Reino alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamtoka kwanza, kicheko kibovu cha upande mmoja wa mdomo. Tangu siku hiyo Ambrose hakumwita jina lingine ila dereva.

Shida ya Reino haikuwa mkono na mguu wa kushoto peke yake, ingawa hivyo vilikuwa vimelegea kama nguo zilizoloa. Kushoto kwenyewe kulikuwa kumetoweka. Jicho lilikuwa zima; kichwa ndicho kilichokataa kuamini kwamba upande huo upo. Asubuhi moja alinyoa ndevu za shavu la kulia, akanawa uso, akajiona yuko tayari. Ambrose alimwacha hivyohivyo mpaka chakula cha mchana, nusu mtu nusu kichaka, na kila muuguzi aliyepita akaombwa atoe maoni yake.

Aliyewafanyisha mazoezi wote wawili alikuwa dada mmoja aitwaye Odile Gervais, mrefu, mwenye mikono yenye nguvu na sauti ya chini. Wiki ya kwanza alikuja na karatasi, akavuta kiti, akakaa upande wa kulia wa Reino ili aonekane.

"Nataka tuzungumze malengo," akasema. "Tuanze na ya zamani. Kabla hujaugua, ulikuwa unataka nini katika maisha yako?"

Reino alimwangalia kama mtu aliyeulizwa ameficha nini. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, hata kanisani siku ya ndoa.

"Nilitaka lori langu mwenyewe," akasema. "Nililipata. Nikalipoteza. Niliyoendesha baadaye ni ya kampuni."

"Na kingine?"

"Nyumba ya ziwani. Kiwanja aliniachia baba. Nimejenga miaka kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa! Itakuwa jumba la kifalme."

"Sauna ya kuogea mvuke ilikwisha kiangazi cha kwanza, sisi Wafini hatuwezi kungoja sauna. Nyumba yenyewe ina kuta na paa. Sakafu bado."

Odile aliandika. Reino akaona kwamba ameanza na hawezi kunyamaza. Akamwambia habari ya safari ya Finland, kwenda kukiona kijiji alichotoka bibi yake. Noreen alipiga picha za pasipoti mara mbili, na mara zote mbili zikazeeka ndani ya droo. Akamwambia habari ya binti yao Kirsti, aliyehamia Edmonton baada ya ugomvi ambao hata hakumbuki ulianza na nini. Mjukuu alipozaliwa Reino alisema nitakwenda kumwona, msimu wa magogo ukiisha tu. Mjukuu huyo sasa alikuwa darasa la kwanza.

Yakiwa ndani ya kichwa, mambo hayo yalikuwa yakionekana kama mizigo iliyochelewa tu njiani. Yalipotoka mdomoni aliyaona yalivyo: hakuna hata moja lililowahi kuondoka.

"Na sasa?" Odile akauliza. "Sasa unataka nini?"

"Kurudi kwenye usukani."

Odile akaandika. Reino akainamisha shingo asome: *Kusimama dakika mbili bila kushikwa.*

"Mimi sikusema hivyo."

"Ndiko njia inakoanzia, Reino."

Kisha akageukia kitanda cha pili. Ambrose alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Mzee Ambrose, na wewe?"

"Unalijua langu. Kurudi nyumbani."

Odile alikaa na kalamu yake. Kwao Ambrose hakukuwa na mashine ya kusafisha damu, wala haingekuwapo kesho wala keshokutwa. Wagonjwa wote wa figo wa vijiji vile vya kaskazini waliishi mjini, wengine miaka na miaka, na wengi walirudi kwao ndani ya sanduku.

"Tuandike kuvaa mguu wa bandia mwenyewe," akasema kwa upole.

"Niuvae niende wapi?"

Odile aliandika hilohilo, akawaaga, akatoka. Wanaume wale wawili wakabaki wanasikiliza magurudumu ya kigari cha chakula huko koridoni.

"Kwenu ni wapi hasa?" Reino akauliza.

Ambrose akataja jina refu la kijiji chake. Reino akainuka kwenye mto.

"Napajua! Nimepeleka mafuta ya dizeli huko misimu kumi na moja. Kwa barabara ya barafu."

"Wewe ndiye uliyeangusha nguzo ya duka?"

"Alikuwa mwenzangu."

"Madereva wote husema alikuwa mwenzao."

Wakazungumza mpaka chakula kikapoa. Reino aliijua barabara ile, inayofunguliwa kila majira ya baridi juu ya maziwa yaliyoganda, kwa vipande vyake vyote: pale lami inapoishia kwenye mji mdogo wa Pickle Lake, ule mteremko ambao madereva huvua kofia kabla ya kuushuka, maziwa mawili makubwa ambayo lazima uyavuke polepole, mkanda umefunguliwa na mlango uko wazi kidogo ili uruke barafu ikipasuka. Ambrose alimrekebisha kila mahali alipokosea. Alitaja majina ya watu waliokufa katika kila ghuba kama mtu anayetaja majirani.

"Ndege zipo," Reino akasema. "Kwa nini usiende mara moja moja, siku zako za kupumzika mashine?"

"Nilikwenda mwaka juzi. Siku mbili, wakasema. Tufani ikafunga uwanja siku tano. Nilirudishwa nimevimba kama mzoga wa ziwani." Ambrose alivuta blanketi. "Ndege inangoja mawingu. Lori linangoja dereva tu."

Nani kati yao aliyelitamka kwanza, baadaye hawakukubaliana. Ila kabla ya jioni mpango ulikuwa umekamilika. Mwezi wa pili, barabara ya barafu ikiwa imara, Ijumaa Ambrose akishatolewa kwenye mashine, Reino atamchukua kwa gari lake dogo la mizigo. Watalala Pickle Lake. Jumamosi alfajiri wataingia barafuni, alasiri wamefika. Usiku mmoja kijijini. Jumapili alfajiri wanageuza, Jumatatu mchana Ambrose yuko tena kwenye mashine.

"Usiku mmoja ni mdogo sana," Reino akasema.

"Usiku mmoja unanitosha. Dada yangu Mathilda atanipikia supu ya bata bukini. Nitalala kitandani kwangu. Asubuhi nitamtukana jirani yangu mmoja anayestahili, nitarudi."

Odile alipoelezwa aliweka kalamu chini. Alisema kuendesha gari ni jambo kubwa, kuna uchunguzi wake, na upande wa kushoto ndio utakaoamua. Hakusema haiwezekani. Reino akalishika hilo alilonyamazia kama ahadi.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya barabarani. Alisimama dakika mbili, akasimama tano. Alishuka kwenye kile kiti, akashika fimbo, akaburuta mguu kutoka kitandani mpaka dirishani, na kutoka dirishani mpaka mwisho wa koridoni. Ambrose naye, ambaye kwanza aliutazama mguu wa bandia kama kitu alichosahau mgeni, akaanza kuuvaa. Alichora barabara yote ya barafu nyuma ya karatasi za orodha ya chakula, akazigundisha moja moja ukutani, upande wa kushoto wa Reino kwa makusudi.

"Kushoto, dereva! Kuna nini kushoto?"

Reino aligeuza shingo, akageuza tena, mpaka kidevu kikagusa bega.

"Ziwa."

"Lina ufa au halina?"

"Sioni ufa."

"Umeshatuzamisha. Nimelowa mpaka kwenye chupi. Rudia."

Noreen alikuja kila jioni akitoka kazini, maana alikuwa mpishi wa shule moja ya msingi. Alikaa na mkoba wake mapajani akiwasikiliza wakibishana juu ya barafu, na mara nyingi alicheka. Lakini siku moja, akimsindikiza Reino koridoni, alisema, "Nyumba ya ziwani hukuifanyia hata nusu ya bidii hii." Hakusema kwa ubaya.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja Reino aliruhusiwa. Wiki hiyohiyo Ambrose alihamishiwa hosteli ya wagonjwa wa kaskazini, chumba kimoja chenye dirisha la kutazama maegesho ya magari. Mpwa wake, Delia, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi mjini, alimpitia siku zake za mapumziko. Wanaume wale wakawa wanazungumza kwa simu, asubuhi na jioni.

Nyumbani kulikuwa na ukimya ambao Reino hakuwa ameuzoea. Noreen aliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akarudi saa kumi na moja jioni. Katikati hapo kulikuwa na redio, choo, na ngazi tatu za mlango wa nyuma ambazo alikatazwa kuzishuka peke yake. Aligonga bega la kushoto kwenye kila fremu ya mlango mpaka likawa jeusi.

Kabla ya Krismasi Noreen alikaa mezani mbele yake na kumwambia kwamba kuna mke na mume kutoka Winnipeg wanakitaka kiwanja cha ziwani. Reino alisema kiuzwe. Alilisema upesi mno hata Noreen akamwuliza mara mbili kama ameelewa. Alielewa. Miaka kumi na tisa alikuwa akiiahirisha sakafu ile, na sasa alijua hawezi hata kupiga magoti aipigilie misumari. Alitia saini kwa mkono wa kulia, huku mkono wa kushoto umelala mapajani. Wala hakulia. Alichowaza ni kwamba gari dogo la mizigo halitauzwa, hilo lina kazi mwezi wa pili.

Uchunguzi wa udereva ulikuwa mwezi wa kwanza, tarehe ishirini na mbili. Msimamizi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole, aliyekaa kando ya Reino kwenye gari lenye breki mbili. Kulikuwa na theluji nyembamba iliyosagika barabarani. Reino aliposhika usukani, mwili wake wote ulijua. Miaka thelathini na moja ilirudi mkononi. Alitoka maegeshoni vizuri, akaingia barabara kuu vizuri, akabadili mwendo, akapima umbali wa basi lililo mbele, na moyo ukamwambia: umepona.

Kisha breki ikakanyagwa, si yeye aliyeikanyaga, na gari likasimama kwa kishindo.

"Umemwona?" mama yule akauliza.

"Nani?"

Alimwonyesha kwa kidole. Upande wa kushoto, mbele kabisa ya taa, alikuwa amesimama mwanamke mwenye mifuko ya dukani mikononi, mdomo wazi. Alikuwa katikati ya kivuko cha watembea kwa miguu. Reino alimtazama, na hata akimtazama hivyo alihisi kama kwamba amewekwa pale sasa hivi, baada ya gari kusimama.

"Hakuwapo," akasema.

"Alikuwapo tangu mwanzo wa mtaa, bwana Salmela."

Mama yule alirudisha gari yeye mwenyewe. Ofisini alimweleza kwa maneno mazuri kwamba leseni haitarudi, kwamba baada ya muda mrefu anaweza kuomba tena, lakini hapendi kumpa matumaini ya uongo. Reino alimshukuru. Noreen alikuwa akisubiri nje ndani ya gari. Alimwona anavyotembea, akawasha injini bila kuuliza.

Walipofika nusu ya njia Reino akasema, "Endesha wewe."

"Si ndiyo naendesha."

"Nasema barabara ya barafu. Mimi nitakaa pembeni nikuelekeze. Naijua yote."

Noreen alishika usukani kwa mikono miwili. "Reino, mimi nikiona barafu hapa mtaani kwetu naomba Mungu. Unataka nimpakie mzee mgonjwa, na wewe mgonjwa, niwavushe ziwa? Tukikwama, nani atamsukuma nani?"

"Basi Delia."

"Delia hana hata leseni. Nilishamuuliza." Akapunguza mwendo. "Nilimuuliza mwezi wa kumi na mbili. Nilijua."

Hilo la mwisho lilimchoma kuliko uchunguzi wenyewe. Kumbe alikuwa akijiandaa kwa safari ambayo mkewe alishaifungia mlango kimyakimya, kwa huruma.

Siku ya pili yake Noreen alimpeleka hostelini. Ambrose alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, shingo ilikuwa inaelea ndani ya kola ya shati. Mguu wa bandia ulikuwa umesimama pembeni peke yake, umevishwa kiatu.

"Umeanguka," Ambrose akasema kabla Reino hajakaa.

"Nani kakwambia?"

"Ungefaulu ungekuja umenipigia honi."

Reino akamweleza yote, na habari ya mwanamke mwenye mifuko. Alijaribu kuomba radhi. Maneno yalikwama, na Ambrose hakumsaidia kuyatoa. Alikuwa anatazama maegesho.

"Barabara yenyewe haijafunguka," Ambrose akasema mwishowe. "Dada yangu amepiga simu. Baridi ya mwaka huu ni ya kitoto. Maji yamepanda juu ya barafu katika lile ziwa la pili. Pengine hata lori halitapita. Kwa hiyo usijibebeshe mambo, dereva. Hata na macho yako yote tungekaa Pickle Lake tunatafuna kucha."

"Mwaka ujao..." Reino akaanza.

"Mwaka ujao!" Ambrose alicheka kikohozi. "Wewe na mwaka ujao wako. Huchoki?"

Kisha Ambrose akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba ameshawaambia madaktari. Anaacha mashine. Jumatano ijayo itakuwa mara yake ya mwisho, na Alhamisi asubuhi anapanda ndege.

Reino alielewa polepole, kama anavyoelewa kila kitu kilicho kushoto. "Halafu?"

"Halafu nimefika nyumbani."

"Bila mashine utaishi siku ngapi?"

"Wanasema wiki moja. Mbili nikiwa mkaidi. Safari hii tufani ifunge uwanja inavyotaka, hainihusu."

Wiki ile Reino hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alimpigia simu Odile, akamwomba amzuie. Odile alisema walikwisha kaa naye, yeye na daktari na mtu wa kanisa lake, na Ambrose ana akili timamu kuliko wote waliokuwa chumbani. Alisema hilo na sauti yake ikakatika. Reino akakata simu kwa sababu hakutaka kumsikia akilia.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Noreen alimfikisha uwanjani. Ndege za kaskazini zilikuwa na jengo lao dogo, na ndani watu walikuwa wamekaa na maboksi ya nepi, katoni za soda, mikanda ya pikipiki za theluji. Ambrose alikuwa katikati yao kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti jipya ambalo Delia alimnunulia, na kofia ya manyoya. Watu wa kwao walikuwa wakimpitia mmoja mmoja, wanamshika bega, wanamwambia jambo kwa Kiojibwe, naye anawajibu na wanacheka. Wote walijua anakwenda kufanya nini.

Reino alisimama mbele yake na fimbo yake.

"Usiende," akasema.

"Nipe sababu moja."

Alitafuta. Mashine? Kile chumba cha kutazama magari? Sababu pekee aliyoiona ilikuwa yake mwenyewe, na aliona aibu kuitaja, lakini ikamtoka.

"Mimi nitabaki na nani?"

Ambrose alimtazama kwa muda mrefu. Hakumfanyia mzaha.

"Una mke," akasema. "Amesimama kushoto kwako tangu mmeingia, na hujamtazama hata mara moja."

Reino akageuza shingo. Noreen alikuwa pale kweli, ameshika glavu zake mbili kwa mkono mmoja, macho mekundu.

Wakaita abiria. Delia akasukuma kiti. Mlangoni Ambrose aliinua mkono bila kugeuka, na hewa ya baridi ikaingia, na mlango ukafungwa. Hawakungoja kuiona ndege ikiruka.

Siku ya tano Ambrose alipiga simu. Sauti yake ilikuwa mbali na nzito, kama ya mtu aliyelewa.

"Nimekula supu," akasema. "Vijiko vitatu, halafu nimetapika. Lakini nimekula."

"Na jirani, umemtukana?"

"Alikuja mwenyewe, akalia, akaniharibia." Akapumua. "Dereva, ngozi inaniwasha, miguu yote miwili, hata ule usiokuwepo. Nisingependa kukudanganya kwamba ni raha."

"Unajuta?"

Reino alisikia mwanamke akisema jambo huko nyuma, na kikombe kikiwekwa mezani.

"Leo, kidogo," Ambrose akasema. "Jana sikujuta. Niulize kesho."

Kesho yake simu haikupokelewa, wala keshokutwa. Siku ya tisa, Ijumaa, saa nne asubuhi, Delia alipiga. Alisema mjomba amekwisha, kabla ya mapambazuko, dada yake amemshika mkono. Alisema siku mbili za mwisho hakumtambua mtu. Alisema asante kwa kumpa kitu cha kungojea msimu ule. Reino alisema maneno yanayosemwa, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Redioni walisoma habari za hali ya hewa, kisha habari za barabara: ile ya barafu imefunguliwa kwa magari madogo tu, na huenda isikae wiki tatu. Alikaa kwenye kiti hichohicho tangu saa nne mpaka saa kumi na moja. Alijaribu kuwaza jambo moja la mbele, moja tu, kama alivyofundishwa hospitali: litaje, likate vipande, anza na kipande cha kwanza. Kila alipotaja jambo, liliyeyuka kabla hajafika mwisho wa neno. Finland. Kirsti. Kirsti alimpigia siku ya Krismasi, wakazungumza dakika nne za hali ya hewa ya Edmonton, na alipoiweka simu alijua kwamba muda wa kusemezana kweli ulikwisha zamani, akiwa njiani na magogo.

Noreen alimkuta hivyo, hajala, chumba kimeanza kuwa giza. Hakuuliza nani, uso ulimwambia. Alikaa kwenye kiti cha pili na koti lake mwilini, theluji inamyeyukia kwenye viatu.

"Saa ngapi?" akasema.

"Alfajiri. Delia kapiga saa nne."

"Ungenipigia shuleni. Ningekuja."

"Ungekuja ufanye nini?"

"Nikae."

Friji ilinguruma, ikanyamaza. Noreen akaweka mkono wake juu ya mkono wa kushoto wa Reino, ule usiohisi vizuri, na ikabidi ageuke aone ni nini.

"Reino, lazima kuwe na kitu unachokitaka," akasema. "Si lazima kiwe kikubwa. Siwezi kuishi na mtu asiyetaka kitu chochote. Nimejaribu miezi hii, siwezi."

"Ninataka iwe jioni."

"Ishakuwa jioni."

"Basi nimekipata."

Hakucheka, na Noreen naye hakucheka. Aliuondoa mkono, akautazama, akaurudisha. Reino aliona kwamba amechoka kupita kiasi, na kwamba nywele zake za mbele zimekuwa nyeupe zote, jambo ambalo halikutokea kwa siku moja. Akajilazimisha. Hakuwa na matumaini yoyote katika jambo hilo. Alikuwa anatafuta tu kitu cha kumpa mkononi ili asikae mikono mitupu.

"Labda kuoga," akasema. "Kuingia bafuni na kuoga mwenyewe, bila wewe kunishika."

"Kesho?"

"Kesho ni Jumamosi, uko nyumbani. Utasimama mlangoni tu."

"Nitasimama, ndiyo."

"Basi Jumatatu, ukiwa kazini," Reino akasema.

Noreen alimtazama, akataka kusema kitu juu ya utelezi wa sakafu ya bafuni, akaacha. Akainuka, akavua koti.